Ngozi Haichomwi Usoni

Katika karakana ile, pua ya fundi viatu iliheshimiwa kuliko cheti chenye mhuri. Ngozi ikiingia mlangoni haikukatwa wala haikushonwa, hata kukaliwa haikukaliwa, mpaka ipite kwanza chini ya pua hiyo. Fundi aliigeuza upande wa nyama, ule wenye manyoyamanyoya, akakwangua nyuzi chache kwa ukucha, akaziunguza kwa kiberiti, kisha akafumba macho na kuvuta moshi taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni ya mbali kwenye redio. Ukinuka nywele zilizoungua, alisema, "Huyu alikuwa anatembea." Ukinuka mfuko wa plastiki, alisema, "Huyu kazaliwa kiwandani," na mwenye mzigo akaukunja akaondoka nao bila kubisha.

Kwa miaka thelathini na mbili pua hiyo haikukosea. Ndiyo sababu wote walimwita Mzee Pua, mbele yake na kisogoni kwake, naye akaitika kama kapewa ukoo mpya.

Mtu mmoja tu hakumwita hivyo. Alimwita shemeji, maana aliolewa na marehemu kaka wa mzee, na siku akitaka kumchokoza alimwita "mume wangu wa akiba". Mzee Pua alijibu, "Akiba haiozi, shemeji. Wewe angalia usioze." Mwanamke huyu alikuwa mshonaji, miaka sitini na kitu, na hicho kitu hakuna aliyethubutu kukiuliza. Jina lake la utani lilikuwa Kizibo. Walimpa kwa kuwa mdomo wake ulikikosa.

Na Kizibo ndiye aliyeshika ufunguo wa mashine ya leza.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani la saruji. Ukipiga ukuta teke, hadi leo linatoka vumbi la kijivu. Mafundi kumi na mmoja walikuwa chini ya paa moja, washonaji upande wa dirisha, seremala karibu na mlango, mchora mabango katikati akimpaka rangi kila apitaye bila kukusudia. Mashine ya leza waliinunua kwa pamoja baada ya kuiota misimu mitatu. Ilikuja ndani ya sanduku kubwa kama jeneza la tajiri, na aliyekuja kuifunga alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa, mtu asiyecheka hata ukimtekenya.

Siku ya kwanza hakuiwasha kabisa. Alipima umeme wa jengo zima, akashindilia waya wa ethi, ule wa kumwaga umeme uliopotea, kwenye udongo mpaka akafika penye unyevu, akatoboa ukuta na kupitisha bomba la moshi hadi juu ya paa, mbali na dirisha la mtu yeyote. Seremala, ambaye ndiye alikuwa Mwenyekiti wao, alishauri bomba liishie darini ili lisiharibu sura ya ukuta. Yule mwanamke alimtazama tu, akamtazama tena, mpaka Mwenyekiti akakumbuka ana randa ya kunoa. Tangi la kupozea alilijaza maji yaliyochujwa ya kuongezea betri, si ya bomba. Mtungi wa kuzimia moto akauweka hatua mbili kutoka kwenye mashine. Mtu alipotaka uwekwe kwenye kabati, usiibwe, alimwambia, "Moto ukiwaka utauomba ufunguo wa kabati?" Kitufe chekundu cha kuzima kila kitu akawabonyezesha wote kumi na mmoja, kila mtu kwa kidole chake, kama wanaosaini.

Siku ya pili akawakalisha.

"Mwale wake huuoni," alisema. "Kinachoonekana ni mahali ulipochoma. Ukifungua mfuniko, mwale unakatika, ndiyo kazi ya hii swichi. Asije mtu akaibana na kipande cha mbao akajiita mjanja. Na mashine ikikata, mtu anakaa hapa, anaitazama. Haendi msalani, haendi kumsalimia mgeni. Moto wa ukubwa wa kidole unazimwa na mtu aliyekaa. Ukimkosa, unalitafuta ghala."

Mwisho aliwauliza swali moja, mmoja mmoja, wengine wakiwa nje: mashine inakata, simu yako inalia kule mezani, utafanyaje? Mafundi kumi walijibu kwa namna kumi kwamba wangeipokea haraka na kurudi. Kizibo alisema, "Itachoka yenyewe."

Akapewa ufunguo, na wa akiba juu yake.

Usifikiri ni jambo dogo. Mwanamke huyu alimaliza shule ya msingi akaingia moja kwa moja kwenye cherehani. Maisha yake yote alikuwa binti wa fulani, mke wa fulani, mjane wa fulani, mama wa fulani. Ufunguo ulikuwa kitu cha kwanza alichokipata kwa jibu lake mwenyewe. Aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu, na kila alipoinama kuweka uzi uligonga meza, ti! Akausikia, akatabasamu, akajifanya anatafuta tundu la sindano.

Basi ikaja asubuhi ya lile robota la ngozi.

Lilikuwa limetumwa na chuo cha walimu, pamoja na agizo la mikoba mia mbili na arobaini, kila mkoba na nembo ya chuo iliyotobolewa kifuani. Agizo kubwa kuliko yote waliyowahi kupata, na lilitakiwa kwa wiki mbili. Ngozi ilikuwa nyeusi, laini, inang'aa mpaka seremala akajitazama humo na kupangusa meno. Mzee Pua akaitwa. Akaigeuza upande wa nyama, akakwangua, akaunguza, akafumba macho.

"Huyu alikuwa anatembea," alisema.

Watu wakapiga makofi. Mchora mabango akaanza kuchora nembo kwenye kompyuta. Mwenyekiti akamgeukia Kizibo. "Haya mama, washa."

"Ngoja kwanza nimuulize na mimi," Kizibo akasema.

"Umuulize nani?"

"Huyo aliyekuwa anatembea."

Akakata kipande cha ukubwa wa ukucha, akatoka nyuma ya jengo na tochi ndogo ya gesi, koleo na waya wa shaba aliouvua ganda. Alisimama upande unakotoka upepo, ili moshi umkimbie yeye na si yeye aukimbie moshi. Hili alifundishwa na yule mwanamke wa miwani, dakika za mwisho, wengine wakiwa wanapiga picha na mashine: kitu usichokijua, usikiulize jina, kiulize rangi ya moto wake. Akauchoma waya mpaka ukawa mwekundu na mwali ukawa hauna rangi ya ajabu. Akaugusisha kwenye uso wa ngozi unaong'aa. Uso ukayeyuka kidogo, ukanata kwenye waya. Akaurudisha motoni.

Moto ukawa kijani kama kasuku.

Kizibo akazima tochi. Akarudia mara ya pili kwa kipande kingine, maana aliwahi kujidanganya mara nyingi maishani na hakutaka iwe hobi. Kijani kilekile.

Aliporudi ndani hakukaa. "Hii haikatwi na leza," alisema. "Ina klorini, waya umetoa moto wa kijani. Mwale ukiichoma inatoa hewa ya sumu. Ikikutana na majimaji ya kifua chako inakuwa tindikali, kama ile ya betri ya gari. Ikikutana na chuma cha mashine, kinaota kutu. Ikikutana na lenzi, lenzi inapofuka."

Mzee Pua akacheka polepole. "Shemeji. Ng'ombe ana klorini?"

"Ng'ombe hana. Huyu anayo."

"Nimemnusa."

"Nimekuona ukimnusa. Ulipendeza."

"Miaka thelathini na mbili!" Sauti ya mzee ikapanda. "Nimevisha miguu ya miji mizima. Leo waya wa umeme unanisahihisha?"

"Haukusahihishi, unakukumbusha tu. Mimi sijui ngozi, shemeji, najua moto wa kijani. Na feni ya kuvuta moshi si malaika. Ikichoka kidogo tu, moshi unabaki na sisi, na meza ya kwanza hapo ni ya nani? Ni ya huyu mwenye pumu." Akamwonyesha mshonaji mwenzake, ambaye tayari alikuwa ameweka mkono kifuani kwa kusikia tu.

Mwenyekiti alipiga meza kwa mpini wa nyundo. Alikuwa mtu mwema, ila alipenda sana mambo yapite laini, kama mbao iliyopigwa msasa, na penye fundo alikuwa anapiga randa kwa nguvu zaidi. "Hapa tuna utaratibu," alisema. "Ngozi inapitishwa na Mzee Pua. Imepita. Tupige kura. Wanaotaka kazi ianze?"

Mikono kumi ikapanda, hata wa yule mwenye pumu, ingawa wake ulipanda nusu tu kama bendera ya msiba. Mkono wa kumi na moja ulikuwa umeshika waya wa shaba.

"Imepita," Mwenyekiti akasema. "Ufunguo."

"Sitoi."

"Mama, hii ni kura."

"Nimeiona. Ni kura nzuri, mmeinua vizuri kabisa. Mapafu hayakupiga."

"Ukikataa uamuzi wa wanachama, unavuliwa ufunguo. Na ukikataa kuvuliwa, meza yako anapewa mwingine. Nakupa mpaka mchana."

Hapo moyo wa Kizibo ukashuka kidogo, tusifichane. Meza ile alikaa miaka kumi na tisa, ina mkunjo wa kiwiko chake. Na ufunguo nao! Lakini alijua pia kwamba ufunguo ukitoka shingoni mwake kwa kazi hii, hata ukirudi kesho utakuwa chuma tu. Alikaza kidevu. "Mchana ni saa ngapi kwenye saa yako?" aliuliza. "Nijue muda wa kukataa nilio nao."

Aliketi mezani kwake akachukua kipande kingine cha ngozi, cha ukubwa wa kiganja. Fundi wa nguo akikasirika hufumua kitu, ndivyo mikono yake ilivyofundishwa. Akachomeka ncha ya sindano pembeni mwa ngozi, akaipenyeza polepole, akainyanyua. Na uso wote ule mweusi unaong'aa ukaanza kubanduka, mwembamba kama ganda la kitunguu, ukiacha chini yake kitu cha kahawia chenye manyoyamanyoya.

Kizibo akaelewa.

Chini ilikuwa ngozi kweli, mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa upya. Juu ilikuwa plastiki iliyobandikwa. Shemeji yake alikwangua upande wa nyama akanusa mnyama. Yeye aligusisha waya usoni akaona kasuku. Hakuna aliyekosea alichokiona. Walipishana upande tu, kama wawili waliooana na kulala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule.

Akamwendea. "Shemeji, mchome usoni."

Mzee Pua hakuinua kichwa. Alikuwa anagonga kisigino cha kiatu ambacho tayari kilikuwa kimegongwa. "Ngozi haichomwi usoni."

"Kwa nini?"

"Uso ni wa mteja. Marehemu baba yangu alinitia kofi, nina miaka kumi na moja, kwa kuchoma uso wa ngozi ya mbuzi. Sina hakika kama sikio hili limerudi. Fundi ananusa nyuma. Anayechoma uso ni mwizi au mpumbavu."

"Baba yako alikuwa anapokea ngozi kutoka kwa mbuzi. Hii imetoka kwa mbuzi ikapitia kwa mtu."

"Nenda kwenye vitambaa vyako."

"Nakwenda. Ila jua wakianza kukata, wa kwanza kunusa atakuwa wewe, na pua kubwa inameza zaidi."

"Nenda!"

Kizibo alifungua mdomo, akataka kusema la tatu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuna mtu karakanani aliyewahi kulishuhudia. Aliufunga. Akaweka mezani kwa mzee ule utando mweusi alioubandua, juu yake ule waya wa shaba, pembeni tochi ya gesi, akageuka akaenda zake bila neno. Mzee Pua alibaki ameinua nyundo. Angetukanwa angejua la kufanya.

Saa sita ikagonga. Mwenyekiti akaja na mikono nyuma. "Haya."

"Haya nini?"

"Ufunguo, mama."

"Sitoi. Niandike kwenye daftari lako, kwa wino, na tarehe."

"Kuna wa akiba. Uko wapi?"

"Wa akiba," Kizibo akasema, akikuna shingo, "niliuweka kwenye kopo la vifungo."

Kopo la vifungo lilikuwa lile la rangi ya lita ishirini, chini ya meza yake, limejaa miaka kumi na tisa ya vifungo: vya mashati, vya makoti, vya mifupa, vya shaba, vya watu waliokufa na vya watu walionenepa. Mwenyekiti alilitazama. Akaita watu watatu. Wakalimimina sakafuni, vifungo vikakimbia kila upande kama vina wito mahali, chini ya cherehani, chini ya msumeno, kimoja kikaingia kwenye kopo la rangi ya mchora mabango. Wanaume wanne wazima wakapiga magoti.

"Mkitafuta, vigawanyeni rangi kwa rangi," Kizibo akawaambia kwa upole. "Nimekuwa nikitaka kufanya hivyo siku nyingi."

Naye alikaa kwenye kiti cha mashine, mgongo umenyooka, miguu imebana, kama bibi harusi aliyelazimishwa kupiga picha. Hakuwa anacheka. Kila kifungo kilichohama kilimpa sekunde, na hakujua sekunde hizo alikuwa anazikusanya za nini. Alijua tu kwamba hazipotei bure.

Kutoka pale alipoketi aliiona meza ya Mzee Pua. Mzee aligonga kisigino. Akaacha. Akautazama ule utando. Akauokota, akaunyoosha kwenye mwanga, akaupitisha kwenye ulimi, akatema. Akatazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku, akasokomeza tochi, koleo na waya kwenye aproni, akachana ukanda mdogo wa lile robota, akatoka kwa mlango wa nyuma akichechemea kama aliyebanwa na haja.

Alikaa huko muda.

Aliporudi macho yalikuwa mekundu na machozi yanamtiririka hadi kwenye ndevu, anakohoa kikohozi kikavu cha mtu aliyeingiza kichwa kwenye kopo la dawa ya choo. Alikuwa ameanza na waya, halafu hakuuamini, akachoma uso wa ngozi kwa kiberiti na kuuvuta puani, maana ndivyo anavyojua kuuliza. Akapata jibu kamili. Kizibo aliruka kutoka kitini, akamshika kiwiko, akamsogeza dirishani, akamfungulia vioo vyote viwili.

"Pumua nje, shemeji. Taratibu."

"Vumbi," mzee akasema.

"Ndiyo. Vumbi kali."

"Wewe ulijua ningeinusa?"

"Nilikuachia waya makusudi usinuse! Mtu gani anaachiwa kijiko anakula kwa pua?"

Mzee alikohoa, akacheka, akakohoa tena. Mwenyekiti akainuka kutoka kwenye vifungo, magoti meupe kwa vumbi la saruji. "Mama Kizibo! Ufunguo haumo!"

"Kwani nilisema umo? Nilisema niliuweka. Niliutoa juzi." Akaingiza mkono kwenye blauzi, akautoa, akauonyesha, akaurudisha.

Sijui wewe ungefanyaje. Mwenyekiti alibadilika rangi. "Huu ni uasi," alisema. "Leo leo unatoka kwenye meza hii. Leta..."

"Mashine haitamkata huyu," Mzee Pua akasema kutoka dirishani.

Watu wote wakageuka.

"Si ulisema alikuwa anatembea?" Mwenyekiti akauliza.

"Alikuwa anatembea." Mzee akapangusa ndevu. "Halafu kavishwa koti. Koti ni la plastiki. Mimi nilinusa kiwiliwili, sikunusa koti." Akameza mate, na ilikuwa kama anameza msumari wa kiatu. "Pua haikukosea. Mwenye pua aliipeleka upande mmoja. Huyu mwanamke aliniambia mara tatu, na kunifumulia akanifumulia, nikamwambia aende kwenye vitambaa."

"Mara mbili," Kizibo akasema. "Ya tatu sikusema."

"Hiyo ndiyo niliisikia."

Mwenyekiti alikaa juu ya kigoda. Mpaka hapo alikuwa anapigania utaratibu. Sasa ndipo alipofikiria mikoba mia mbili na arobaini. "Wiki mbili," alisema. "Bila mashine tumekwisha."

"Nani kasema bila mashine?" Kizibo alikuwa ameshageuka kuelekea rundo la plaiwudi. "Nipe ubao wa milimita tatu. Mashine itatukatia vigezo vya ubao, kila pande la mkoba na kigezo chake, na nembo ya chuo imetobolewa humo. Unalaza kigezo juu ya ngozi, unafuatisha kwa chaki, unakata kwa kisu. Kisu hakichomi kitu, koti litakatika pamoja na mwenye koti, bila moshi. Tupo kumi na mmoja. Nyie si mafundi? Au mlikuwa mnasubiri mashine iwazalie?"

Mzee Pua tayari alikuwa anapiga kisu kwenye jiwe, shwa, shwa, shwa. Ilikuwa miaka mingi tangu ngozi kubwa ipite chini ya mkono wake kwa wingi hivyo, na usinidanganye kwamba hakufurahi.

Kizibo akaiandaa mashine, na hapo hakuna aliyemharakisha. Alitazama tangi, maji yanazunguka, hayana povu. Akawasha feni ya moshi kwanza, akashika uzi wa cherehani mbele ya tundu la bomba aone unavyovutwa, ukavutwa ukalala mlalo. Akasogeza matambara na chupa ya spiriti ya mchora mabango mbali, akamwambia, "Hii nikiikuta hapa tena nitakunywesha." Akapangusa lenzi kwa pamba, akapima kimo cha lenzi kwa kijiti cha kupimia, akalaza plaiwudi, akaibana isipinde, akafunga mfuniko. Akajaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni, duara moja dogo. Duara likadondoka safi. Ndipo akazungusha ufunguo kwa kazi yenyewe, akaketi.

Harufu ya mbao iliyoungua ikaja kidogo, ikavutwa. Cheche ndogo ikaruka kwenye kona ya kigezo cha tatu, ikalamba, ikawa mwali. Kidole cha Kizibo kilikuwa juu ya kitufe kabla mtu hajasema "moto". Akasimamisha, mwali ukakosa chakula ukafa. Akafungua, akatoa kibanzi kilichojikunja, akapunguza nguvu ya mwale, akafunga, akaendelea. Mchora mabango alimwuliza kama aliogopa. "Ningeogopa ningekuwa msalani," alisema.

Katikati ya kigezo cha tano Mwenyekiti alikuja kusimama nyuma yake. Aliinama, akashusha sauti, maana mkuu akijirudi hapendi mashahidi. "Mama, sawa, kuhusu ngozi ulikuwa na haki. Lakini kura ni kura. Uliwadharau wanachama, ukawapigisha magoti. Ukiachiwa bure, kesho kila mtu atakataa kura. Andika barua ya kuomba radhi, fupi tu, ufunguo ubaki kwako. Usipoandika, kwa kweli nitauchukua, na safari hii nitauchukua mwenyewe."

Kizibo hakugeuka. "Mashine inakata."

"Nakuuliza tu..."

"Inakata, Mwenyekiti. Ikimaliza nitakujibu."

Mwenyekiti akasimama pale akisubiri, dakika kumi na saba, mtu mzima na cheo chake, akitazama na yeye. Vigezo vilipokwisha, Kizibo akazima mwale, akaiacha feni ivute moshi wa mwisho, akahesabu kimoyomoyo mpaka ndani ya kioo pakawa peupe, ndipo akafungua, akatoa ufunguo, akauvaa. Akaomba karatasi na kalamu. Aliandika akiwa amesimama, kwa mwandiko wa shule ya msingi, herufi kubwa zilizoegemeana kama walevi wanaorudi nyumbani. Mwenyekiti akaipokea, akaisoma kwa sauti bila kujua kinachomngoja.

"Mimi mshonaji, mshika ufunguo. Naomba radhi kwa kukataa mara moja tu kabla ya kura, maana ningekataa mara tano labda msingepoteza nauli ya mikono yenu kupanda juu. Nilikataa, nakataa, na mkiniletea nyingine kama hii nitakataa nikiwa nimekaa kwenye kiti hikihiki. Mkitaka mtu wa kuwasha kila anachoambiwa, nunueni swichi. Wenu mtiifu."

Yule mwenye pumu akaanza kucheka, cheko lenye filimbi ndani yake, na wengine wakafuata.

"Hii si barua ya kuomba radhi," Mwenyekiti akasema.

"Imeandikwa naomba radhi. Mstari wa kwanza."

"Nitaipeleka kwenye kikao."

"Peleka. Nitakuja kuisoma mwenyewe, wewe una haraka mno kwenye nukta."

Mwenyekiti aliitazama barua, akamtazama yeye. Kizibo hakukwepesha macho, wala hakushika ufunguo kana kwamba anaulinda. Aliuacha uning'inie kifuani, mtu mwenye mkono mrefu anyooshe. Mwenyekiti akaikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa aproni pamoja na penseli yake ya useremala, akavuta kigoda mpaka mezani kwa Mzee Pua.

"Nipe kisu," alisema.

"Hicho si cha mbao," Mzee Pua akamwonya. "Usisukume. Vuta. Na usianzie usoni."

"Anzia usoni!" Kizibo akapaza sauti kutoka kwenye mashine.

Wakaanza kubishana upya, wote wawili, chaki mkononi, mkoba wa kwanza ukiwa bado haujakatwa.